Kikoba cha kufuli tatu: kinamtoa mtu kwenye kausha damu, au kinamwongezea deni?

Mtu anayedaiwa kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku, awe Arusha au Moshi, hakosi wa kumwambia "ingia kikoba", yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Ushauri huo ni mzuri ila haujakamilika, maana vikoba havifanani. Kipo kinachomtoa mtu kwenye deni ndani ya miezi sita, na kipo kinachomfanya adaiwe sehemu mbili badala ya moja. Hapa tunakipima kikoba kama huduma kwa mtu wa aina moja tu: yule ambaye tayari anadaiwa, rejesho linamkimbiza kila siku, na anataka kutoka. Anayetafuta mahali pa kukuzia akiba ana vigezo vyake vingine.

Kwa kifupi, kikoba kinafaa, lakini kinachomtoa mtu kwenye deni ni ule mkopo mdogo wa katikati ya mzunguko pamoja na kikao cha kila wiki. Mgao wa mwisho wa mwaka haumtoi mtu. Anayechagua kikoba kwa sababu amesikia "kile mwaka jana walivunja, kila mtu akaondoka na milioni mbili" anaangalia pasipomhusu.

Huduma yenyewe ikoje

Tunazungumzia kikoba cha sanduku, kile ambacho fedha huhesabiwa mbele ya wote na kufungiwa kwa kufuli tatu. Mfumo huu wa vikundi vya hisa ulianza Niger mwaka 1991, ukiendeshwa na shirika la CARE kwa vikundi vya wanawake wa vijijini, kisha ukaenea hadi kwetu na kupata taratibu na jina la VICOBA (Village Community Banks, benki za jamii za vijijini). Wanachama huwa kati ya 15 na 30. Hukutana mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Kila mmoja hununua hisa kuanzia 1 hadi 5 kwa kikao (vipo vinavyoishia 3), na bei ya hisa ikishawekwa mwanzoni haiguswi mpaka kikoba kivunjwe. Pembeni kuna mfuko wa jamii, shilingi 1,000 au 2,000 kwa kila kichwa, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Baada ya wiki kadhaa mikopo hufunguliwa, kwa kawaida kila wiki ya nne, na mwanachama hukopa hadi mara 3 ya thamani ya hisa zake. Mzunguko ukifika mwisho, miezi 9 hadi 12, sanduku hufunguliwa na kila mtu huchukua chake kulingana na hisa; huko ndiko kuvunja kikoba.

Uhuru wa kununua hisa 1 wiki hii na 5 wiki ijayo unafaa sana kwa miji yetu. Mgumu anayepandisha mizigo mlimani, dereva wa safari, mpishi wa kambi, hata muuza chakula anayewategemea hao, wote hujua kwamba Aprili na Mei mvua za masika zikishika wageni hupungua na mfuko hukauka. Mchezo wa kijumbe hauna huruma na Aprili: zamu ni zamu, kiasi ni kilekile. Kikoba humruhusu mtu ashuke hadi hisa 1 bila kuvunja katiba wala kuazima ili atimize.

Sanduku, kufuli na vijitabu

Watu huona sanduku ni jambo dogo, wakamwachia mweka hazina akanunue lolote. Ni kosa, na ni kosa linaloigharimu fedha ya wote. Mafundi wa kuchomelea mageti wanaweza kulitengeneza. Mwambie fundi bati la geji 16 au 18. Namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba, kwa hiyo anayekuletea geji 24 kwa bei ya chini amekuletea debe. Bawaba ziwe upande wa ndani au zichomelewe pini zake, kwani bawaba ya nje yenye pini ya kuchomoa hufunguliwa kwa bisibisi na nyundo huku kufuli zote tatu zikiwa salama mbele. Vishikio vya kufuli vichomelewe, visipigwe ribiti. Ukubwa utoshe vijitabu 30, leja, muhuri, kidau cha wino, kikokotoo na mabakuli mawili ya kuhesabia.

Kufuli zinunuliwe duka tofauti tofauti, au angalau za aina tofauti. Kufuli za bei nafuu za kampuni moja mara nyingi hushirikiana funguo. Kabla ya kikao cha kwanza, jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli mbele ya watu wote. Washika funguo watatu wasiwe viongozi, wasitoke nyumba moja, na anayelala na sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja.

Vijitabu navyo hulala ndani ya sanduku. Hapa ndipo vikoba vingi vya mjini hulegea: kila mtu anaondoka na kijitabu chake, na baada ya miezi mitatu kuna muhuri, alama ya hisa iliyonunuliwa, ambao hakuna aliyeuona ukipigwa. Kijitabu kikikaa sandukuni, mwanachama anabaki na kazi ya kukumbuka namba zake kichwani, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kila mmoja kutaja alichonacho kabla hakijafunguliwa. Utaratibu huo unaonekana wa kitoto. Kwa mtu mwenye madeni ndiyo tiba yenyewe, kwa sababu wengi wanaozama hawajui jumla ya wanachodaiwa. Anayelazimika kila Jumamosi kusema kwa sauti "nina hisa 18, nadaiwa laki moja na tisini" huanza kuzijua namba zake zote, pamoja na za duka la mtaani na za simu.

Hesabu ya kausha damu dhidi ya hesabu ya kikoba

Tuchukue mfano wa kausha damu unaofanana na mingi iliyoko mitaani. Mtu anakopa 200,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anapokea 190,000. Anatakiwa kurejesha 260,000 kwa siku 30, yaani 8,700 hivi kila siku. Tangazo linasema "asilimia 30". Lakini kwa sababu anaanza kulipa kesho yake, nusu ya mkopo ameshairudisha kufikia katikati ya mwezi. Kwa wastani amekaa na shilingi laki moja tu hivi kwa mwezi mzima, na ameilipia 70,000. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili ya fedha aliyokuwa nayo mkononi. Hakuna biashara ya nyanya wala ya mitumba inayozaa hivyo kila mwezi, ndiyo maana siku ya 20 mtu hurudi kuomba aongezewe, salio la zamani linakatwa kwenye mkopo mpya, na hesabu inaanza upya kwa deni kubwa zaidi.

Sasa tuseme mama mwenye meza ya mboga soko la Kilombero, Arusha, amebakiza 180,000 kwa kausha damu, 45,000 kwenye mkopo wa simu, na 60,000 kwa duka analochukulia unga na mafuta. Jumla 285,000. Kikoba chake kina hisa ya 5,000 na kinakopesha mara 3. Ili apate 285,000 anahitaji hisa za 95,000, yaani hisa 19. Akinunua 2 kwa wiki anafika baada ya wiki 10. Riba ya kikoba tuiweke asilimia 5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, muda miezi mitatu: mwezi wa kwanza 14,250, wa pili 9,500, wa tatu 4,750. Jumla ya riba 28,500. Marejesho yote 313,500, yakigawanywa kwa wiki 12 ni 26,125 kwa wiki. Ongeza hisa 1 ya 5,000 na mfuko wa jamii 1,000: anatoa 32,125 kwa wiki, sawa na 4,600 hivi kwa siku. Kausha damu peke yake ilikuwa inamtoa 8,700, kabla ya simu na duka.

Kuna mambo mawili kwenye hesabu hiyo ambayo watu huyakosea.

La kwanza ni hizo wiki 10 za kusubiri. Mwenye deni husikia kwamba hisa zina faida, akanunua 5 kila wiki ili "akue haraka", huku fedha ya hisa akiipata kwa kukopa tena kule anakokimbia. Hesabu inamkataa. Kikoba kizuri chenye hisa 3,600 za 5,000 kikifika mwisho na 21,600,000 sandukuni, kila hisa imekuwa 6,000. Hiyo ni faida ya 1,000 kwa kila 5,000 kwa mwaka mzima. Kausha damu inakula zaidi ya hapo ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo anayedaiwa anunue hisa zinazotosha kufungua mkopo anaouhitaji, asizidishe hata moja. Kila shilingi inayobaki iende kwenye deni la gharama kubwa. Hisa 5 atanunua baadaye, akiwa hadaiwi.

La pili ni namna riba inavyochukuliwa. Vikoba vingi hukata riba yote mwanzoni. Chukua mkopo wa 360,000 wa miezi mitatu. Kwa asilimia 5 ya salio linalopungua, riba ni 18,000, 12,000 na 6,000, jumla 36,000. Kikoba jirani kinatoza "asilimia 10 tu" lakini kinaikata siku ya mkopo: nayo ni 36,000, ila wewe unaondoka na 324,000. Kama deni unalotaka kulifuta ni 360,000 kamili, pengo la 36,000 utalijaza wapi? Hapo ndipo mtu anabakiza kimkia cha kausha damu, na kimkia hicho huota tena. Kwa mwenye deni, kikoba cha riba ya kukata mwanzoni tunakishusha daraja hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Asilimia 5 kwa mwezi si nafuu ukiipima peke yake. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopeshaji mwenye leseni anayefuata ukomo huo bila kuficha ada nyingine anaweza kuwa na bei ndogo kuliko kikoba. Tofauti ni kwamba riba ya kikoba hurudi kwenye sanduku lenye hisa zako, na rejesho likichelewa unakutana na watu wanaokufahamu kabla ya kukutana na mtu aliyekuja kubeba friji.

Kikoba kinapoharibika

Dalili ya kwanza ya kukimbia ni mkopo wa lazima. Kuna vikundi ambavyo katiba inamtaka kila mwanachama akope, na asipokopa anatozwa kama aliyekopa, ili mgao uwe mnono. Kwa mwenye akiba hilo linaweza kuvumilika. Kwa anayejaribu kuacha kukopa ni kama kumpeleka mlevi akaishi kilabuni. Amemaliza deni la kwanza mwezi wa sita, kikundi kinamwambia achukue lingine, anachukua, hana pa kuliweka, anaishia kununua kabati.

Ya pili haizungumzwi sana, nayo ni biashara ndani ya kikao. Mara nyingi, hesabu ikishafungwa, mtu anafungua mfuko: vyombo, mashuka, vitenge, viatu vya watoto, "chukua tu, utalipa kidogo kidogo". Wanawake wenzako wanachukua, na wewe unaona aibu kuwa wa pekee asiyechukua. Deni hilo haliandikwi kwenye leja ya kikundi, lakini rejesho lake linadaiwa siku ileile ya kikao na linagombania fedha ileile. Kikoba chenye nidhamu huweka kwenye katiba kwamba hakuna kuuza kwa mkopo ndani ya kikao wala nusu saa baada yake. Ukiona katibu ndiye muuzaji, tafuta kikundi kingine.

Ya tatu ni kuwa na vikoba vingi. Mtu yuko kwenye vitatu: cha soko, cha jumuiya, cha mtaa. Anakopa cha Jumatano alipe cha Ijumaa. Katika vikao vyote vitatu anaonekana mlipaji hodari mpaka siku moja mnyororo ukatike na wadhamini wake wa sehemu zote waanguke pamoja. Kikundi makini humuuliza mwombaji wa mkopo anadaiwa wapi kwingine na kuandika jibu. Mwenye deni abaki na kikoba kimoja mpaka aishe kudaiwa. Hapo hatuna mjadala.

Faini nazo ziangaliwe. Shilingi 500 ya kuchelewa na 500 ya simu kuita ni sawa, zinalinda kikao. Faini ya 5,000 kwa siku kwa rejesho lililochelewa ni kausha damu iliyovaa kitenge. Kinga bora kuliko faini ni kikundi kukubaliana mapema kwamba anayeona hataweza aseme wiki moja kabla, muda usogezwe mara moja, riba ya mwezi huo iongezwe, basi.

Mwisho ni fedha kulala. Sanduku halikujengwa kulinda milioni nane ndani ya nyumba ya kupanga. Miezi ya mwisho ya mzunguko, mikopo inaporudi na mipya imesimama, fedha hujaa. Kuanzia hapo sanduku libaki na vijitabu, fedha ziende kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na karatasi ya benki isomwe kila kikao.

Mkopo ukishatoka sandukuni

Siku ya kupokea mkopo ndiyo siku ya hatari. Usiupokee kwenye laini ya simu yenye deni la mkopo wa mtandao. Fedha ikiingia tu, deni la simu hukatwa kwanza, na mpango wako wa kulipa unavurugika. Pokea taslimu, au kwenye laini ya mtu unayemwamini.

Anza na deni linalokatwa kila siku. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya kubeba fedha, uliza salio la kufunga leo, na uombe liandikwe. Uliza kama ukifunga mapema riba ya siku zilizobaki inapungua. Wengine hukubali kupunguza wakiona fedha iko tayari. Ukilipa, chukua stakabadhi yenye maneno kwamba mkopo umefungwa, pamoja na kila ulichoweka dhamana: kitambulisho, kadi ya pikipiki, hati, kadi ya benki. Mkopeshaji aliyeshika kadi yako ya benki na namba ya siri ana mkono ndani ya mshahara wako. Ukimalizana naye, siku hiyohiyo badilisha namba ya siri.

Mikopo ya programu za simu ina tabu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kama unadaiwa na programu inayowapigia simu ndugu na wateja wako, hifadhi picha za ujumbe wote. Benki Kuu ina tawi Arusha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika na hilo la kuchukua majina kwenye simu yako. Ukishalipa, futa programu, lakini kabla ya kuifuta ondoa ruhusa ya kusoma majina na ujumbe.

Deni la dukani liwe la mwisho kulipwa ila la kwanza kufungwa. Yaani siku ileile unamwambia mwenye duka, "Mangi, kuanzia leo nachukua kwa fedha tu, na salio hili nalimaliza tarehe fulani." Daftari la duka ndilo linalofanya mtu asijue anatumia kiasi gani nyumbani. Anayenunua mafuta ya kupima na sukari ya robo kwa daftari hulipa bei ya juu ya vipimo vidogo na hana nafasi ya kulinganisha. Mwezi wa kwanza baada ya kulifunga daftari huwa mgumu. Mwezi wa pili, ile 4,000 hivi ya kila siku iliyookolewa kwenye kausha damu inatosha kununua galoni ya mafuta na unga wa wiki mbili kwa mara moja.

Bajeti ya michango nayo inahitaji mkono mgumu, hasa Kilimanjaro. Kipaimara, komunio ya kwanza, send-off, harusi, msiba: kadi huja mfululizo, na WhatsApp imeondoa kisingizio cha kutokuiona. Hatumshauri mtu ajitenge na watu wake, maana haohao ndio watakaomzika mzazi wake. Tunamshauri apange kiasi kimoja kwa mwezi, akiandike nyuma ya ukurasa wa marejesho, na kikiisha awaambie waliobaki, "mwezi huu nimefika mwisho, nitakuja kufanya kazi ya mikono." Kuosha vyombo na kumenya ndizi siku ya shughuli ni mchango unaoheshimika uchagani kote.

Ukilinganisha na huduma nyingine

Mwenye hati ya mshahara, mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa hoteli, aangalie SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kabla ya kikoba. Riba yake kwa kawaida iko chini, muda ni mrefu, na makato hupitia kwenye mshahara. Moshi hasa watu hawana sababu ya kuogopa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapohapo mjini. Udhaifu wa SACCOS kwa mwenye deni la kausha damu ni kasi: fomu, wadhamini, kikao cha kamati ya mikopo, na wakati huo rejesho la kila siku halisimami.

Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ule wa wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, hauna riba, lakini ni wa mradi wa kikundi. Kuuchukua na kulipia madeni binafsi kunawaweka wenzako wote kwenye matatizo na halmashauri.

Kikoba cha kwenye simu, mfano M-Koba, kinafaa pale wanachama wako mbalimbali, nusu wako Dar au mlimani. Fedha hazilali nyumbani kwa mtu, nalo ni jambo kubwa. Kwa mwenye deni tunakiweka nyuma ya sanduku kwa sababu moja: kinaondoa kikao. Kubonyeza simu ukiwa umekaa peke yako hakukufanyi useme namba zako mbele ya watu ishirini.

Tatizo la Desemba

Vikoba vingi vya Arusha na Moshi huvunjwa wiki ya pili au ya tatu ya Desemba. Sababu inaeleweka, kila mtu anapanda uchagani kwa Krismasi. Ndugu wa Dar wamefika, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, nyumba ya mama inapakwa rangi. Mtu anashuka mjini tarehe 2 Januari akiwa na nauli tu, na shule zinafunguliwa. Sare, daftari, ada, kodi ya chumba ya miezi mitatu. Kikoba kimevunjwa, kipya hakijaanza kukopesha, na wa kausha damu yuko pale mlangoni kama mwaka jana. Mzunguko mzima wa nidhamu unaliwa na wiki tatu.

Kikundi kinachostahili kusifiwa ni kile chenye migao miwili: sehemu moja Desemba, nyingine tarehe maalumu ya Januari kabla shule hazijafunguliwa, na fedha ya sehemu hiyo ya pili inakaa benki, haikai sandukuni. Vingine huhamisha mwanzo wa mzunguko uwe Februari ili uishe Januari. Vyote viwili vinafanya kazi, mradi viandikwe kwenye katiba, kwa sababu hoja ya kugawana mapema ikiletwa Desemba 10 haijawahi kukosa wapiga kura.

Namna ya kukikagua kabla ya kuingia

Omba kuhudhuria kikao kimoja kama mgeni, kabla ya kulipa kiingilio. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumuuliza vilivyosajiliwa karibu nawe. Sheria ya 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na usajili wake uko halmashauri. Ukiwa kikaoni, angalia kama kufuli zote tatu zinafunguliwa na watu watatu tofauti, na kama fedha ya wiki iliyopita inahesabiwa na kulinganishwa na leja kabla ya mpya kupokelewa. Omba kusoma katiba vipengele vitatu: riba inakatwa lini, mkopo ni hiari au lazima, kuvunja ni lini. Kisha muulize mwenyekiti, kwa heshima zote, mwaka huu ni wangapi wamechelewesha marejesho na walifanywaje. Akikujibu kwa namba na kukuonyesha kwenye leja, kaa. Akisema "hapa kwetu hakuna anayechelewa", mshukuru, nawe uendelee kutafuta.